Zamu ya Maji ya Mama Sara

Hela iliingia kwenye simu ya Aneth na kutoka papo hapo, hata Sifa wa kibanda cha uwakala hajamaliza kuzinyoosha noti alizompa aziweke. Ujumbe wa kwanza ulisema amepokea elfu sitini. Wa pili ukasema karibu yote imekatwa kulipia mkopo, asante kwa kuwa mteja mwaminifu. Sifa aliusoma kwa sauti, akaurudia, maana jua la saa nane lilikuwa linapiga kioo cha simu na Aneth haoni kitu.

“Mama, ulikopa?”

“Nikope wapi mimi?”

Alikuwa hajawahi kukopa hata vocha. Ile sitini aliipata kwa kuuza gunia la mahindi, tena mahindi ya kula nyumbani, siyo ya ziada, akaongezea na ujira wa kukata majani ya vitunguu kwenye stoo za watu. Ilikuwa hela ya maji. Huku Baray, njia ya kuteremkia Ziwa Eyasi, mvua si ya kuitegemea. Kitunguu kinalimwa kwa mfereji, na mfereji unakwenda kwa zamu. Zamu yake ilikuwa kesho asubuhi. Asiyelipa kabla ya saa kumi na mbili jioni anarukwa, anasubiri mzunguko mwingine wa majuma mawili. Na vitunguu vyake ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kuweka vichwa. Kwa jua lile, majuma mawili bila maji ni kuvizika.

Sifa, binti mwenye roho nzuri, alipiga simu huduma kwa wateja akaweka sauti ya nje. Muziki ukapigwa wee, mpaka wateja wengine wakaanza kuguna. Mwishowe kijana mwenye sauti laini akauliza majina kamili ya mwenye laini. Aneth akataja yake. Kijana akasema samahani mama, laini hii haina jina hilo, na Aneth akakumbuka kidole cha Vedasto.

Alipotoka Singida kuja kufanya vibarua hakuwa na kitambulisho cha taifa, na mpaka leo kila akienda kuulizia anaambiwa namba yake bado haijatoka. Bila namba huwezi kusajili laini. Bila laini hulipwi, maana matajiri wa vitunguu walishaacha kulipa mkononi. Vedasto, msimamizi wa shamba alilofikia, ndiye aliyewaokoa. Aliweka kidole chake kwenye mashine ya kusajilia, laini ya huyu, laini ya yule, na wanawake kutoka Singida, Dodoma na Mbulu wakatembea na jina la mwanaume mmoja mfukoni. Walimshukuru sana. Walimnunulia soda. Nani angefikiri kwamba kidole kinaweza kukopa?

“Amekopa, muda umepita hajalipa,” Sifa alieleza alipomaliza na yule kijana wa simu. “Kampuni inakata kwenye laini yoyote yenye jina lake. Yako ndiyo imekutwa na kitu. Mfuate, mama, akurudishie.”

Vedasto alikuwa stoo akisimamia upimaji wa magunia. Si mtu wa kelele. Alimkaribisha Aneth kwenye benchi, akasoma ujumbe, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa jirani. Alisema ni kweli alikopa, pikipiki iliua injini, na alikuwa anategemea malori ya wanunuzi yafike, hayajafika. Alisema hana hata mia. Nyuma yake magunia yalikuwa yamegusa dari, lakini hayo ni ya tajiri.

“Kaka Vedasto, kesho ni zamu yangu ya maji.”

“Najua, Mama Sara. Lakini nielewe, mimi sijakuibia. Kampuni ndiyo imekata.”

“Wamekata yangu kulipa yako.”

“Ndivyo mfumo wao ulivyo. Halafu usisahau, hiyo laini nilikupa mimi, kwa kukuonea huruma. Nikiifunga leo, hela zako utapokelea wapi?”

Aliyasema hayo kwa upole kabisa. Aneth alitamani kumrukia. Akasema asante, akaondoka kwenda kwa kamati ya mfereji.

Ofisi ya kamati ya mfereji ni chumba kimoja cha tofali za kuchoma. Yohani, katibu, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha. Aneth aliomba apewe maji kesho, alipe akivuna. Yohani akasema haiwezekani. Basi afanye kazi: asafishe mfereji juma zima, peke yake, kuanzia chanzo mpaka kwenye mashamba. Hilo halikuwa jambo geni. Kabla malipo hayajahamia kwenye simu, mkulima aliyeishiwa alishika koleo akafukua matope, akapewa zamu yake, na hakuna aliyemnyooshea kidole.

“Hata wewe ulifukua, Katibu. Tulikuwa wote.”

“Nilifukua. Sasa tope unaliingizaje kwenye simu?”

Hakuwa anatania. Aligeuza simu yake amwonyeshe: majina ya wakulima, waliolipa kijani, wasiolipa nyekundu. Jina likigeuka kijani, Ignas mlinzi wa malango ya mfereji anapata ujumbe, anafungua. Lisipogeuka, hafungui. Yohani akasema wazi kwamba yeye na Aneth hawana ugomvi wowote, ila akipokea hela au kazi ya mtu pembeni wakaguzi watamweka ndani. Kisha, kwa nia njema tu, akamshauri ajaribu kukopa kwenye simu. Watu wanakopa, alisema, ni dakika moja.

Aneth akaaga. Kwa laini ile, anayekopesheka ni Vedasto.

Alizunguka kwa wenzake wa Singida mpaka giza likaingia. Kila mmoja alikuwa na zamu yake ya kulipia. Mmoja aliposikia kisa chenyewe alikimbia kwa Sifa kutoa akiba yake kabla na yenyewe haijakatwa, na Aneth hakuweza kumlaumu.

Asubuhi maji yakaja. Ignas alisimama juu ya lango la shamba la Aneth, funguo mkononi, uso ameuinamisha. Wanaishi nyumba jirani. Mkewe ndiye aliyemtolea Aneth chumvi juzi. Maji yalipita mbele ya lango lililofungwa yakielekea kwa jirani wa chini, mengi, ya rangi ya chai ya maziwa. Aneth alishika ndoo akaanza kuchota na kumwagia vitunguu vya jaruba la pembeni. Akachota tena. Ignas akashuka akaishika ile ndoo kwa mikono miwili.

“Niachie, shemeji.”

“Watanifukuza mimi, Mama Sara. Na wewe utaandikiwa faini.”

Walivutana kidogo. Wote walikuwa wanaona aibu. Aneth ndiye aliyeachia. Ignas aliondoka na ndoo kwa sababu ndiyo amri, na jioni mkewe akairudisha kwa siri, ikiwa imeoshwa.

Nusu eka ile haikuwa yake. Aliikodi kwa mzee mmoja wa Kimbulu, nusu ya kodi alitoa mwanzo, nusu angetoa akivuna. Kwa hiyo vitunguu vikifa, kodi haifi. Kila alfajiri alikwenda kuviangalia. Ncha ziligeuka njano, majani yakalala upande mmoja, ardhi ikapasuka ikaachana na vichwa vidogo vilivyokuwa vimeshika ukubwa wa gololi. Sara, binti yake wa darasa la nne, aliuliza kwa nini wanakunywa uji mchana na usiku. Aneth akamfokea, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia kwa hasira.

Vedasto alikuja shambani kabla juma halijaisha, pikipiki imetengenezwa. Alipita kati ya majaruba akifukua kwa kidole hapa na pale, akasema havijafa, vikipata maji leo vinarudi. Alikuwa ameshaongea na mwenye shamba. Alisema yuko tayari kubeba ile kodi iliyobaki, na maji atayalipia yeye: yale ya katikati ya mzunguko, ambayo kamati inauza mara mbili ya bei ya zamu. Ila vitunguu vitakuwa vya Vedasto. Aneth atafanya kazi humu humu, atalipwa kwa siku kama kibarua yeyote.

“Juzi hukuwa na hata mia,” Aneth alisema.

“Nilikuwa sina, kweli. Lakini deni lilipokatika, kampuni imenipandishia kiwango cha kukopa. Mara tatu ya zamani.” Akaangusha sauti. “Ukiangalia vizuri, hata hela yako haijapotea. Imetusaidia wote.”

Aneth alitafuta neno la kumwambia mtu kama huyu. Maneno yalikuwepo, mengi, ya Kinyaturu na ya Kiswahili. Lakini alifikiria kodi, akafikiria uji, akayatazama yale majani yaliyolala. Akasema, kama ni maji basi yaje sasa hivi.

Vedasto akabonyeza simu yake akiwa amesimama pale pale kwenye tuta. Hata hajairudisha mfukoni, Ignas akaonekana anakuja mbio na funguo. Lango likafunguliwa. Maji yakageuka, yakaingia.

Aneth akavua ndala, akashika jembe, akakata tuta la jaruba la kwanza. Ardhi iliyapokea maji kwa kufoka mapovu kwenye nyufa. Hakuhitaji kuelekezwa, majaruba yale aliyasawazisha mwenyewe kwa mikono, alijua lipi linainama wapi na lipi huchelewa kujaa. Alifungua, akaziba, akafungua lingine. Vedasto alikaa kivulini akiongea na simu.

Jua lilipoanza kulegea, Aneth akanyoosha mgongo na kutazama alikotokea. Majani ya kule mwanzo yalikuwa yameanza kusimama. Furaha ikamjaa kifuani, furaha yote, akacheka peke yake kwa sauti na kugeuka kumwita Sara, aliyetoka shule akaja shambani, aje aone, vimepona.

“Usisimame, Mama Sara,” Vedasto alisema kutoka kivulini. “Maji ya watu yanapotea.”

Akainama, akakata tuta lingine.