Nilinunua Gitaa la Baba Watoto

Binti yangu ndiye aliyeniletea habari kwamba baba yake ana mchumba mpya. Alikuwa ametoka zamu ya hospitali, amesimama mlangoni na viatu vyake vya kazi mkononi.

“Anakaa wapi huyo mchumba?” nikauliza, huku naendelea kukunja pindo la sketi.

“Kwenye lile duka la vyombo vilivyotumika. Amening'inizwa ukutani. Ana shingo ndefu, kiuno, na matundu mawili kifuani.”

Nikajua ni gitaa. Mwanaume yule na magitaa walizaliwa tumbo moja.

Binti akakaa, akanipa habari yote. Kuna bendi inayopiga hotelini Jumamosi, na mpiga solo wao amehama. Wamekubali kumchukua Baba Watoto pamoja na uzee wake, ila aje na gitaa lake mwenyewe, tena liwe la umeme lenye tumbo nusu tupu. Mkuu wa bendi anataka ile sauti nene ya zamani, hataki magitaa ya ubao mzima, yasiyo na tumbo, yanayolia kama kisu kwenye sahani. Mwisho wa mwezi awe nalo, la sivyo wanachukua mtu mwingine. Kwa hiyo Baba Watoto alikuwa anapita kwa ndugu, mmoja baada ya mwingine, kuomba mchango.

“Na kwako amenituma mimi,” binti akasema, akiangalia dari. “Amesema uchangie kwa ajili ya watoto.”

Watoto wenyewe wana mvi.

“Mwambie baba yako asihangaike,” nikasema. “Gitaa hilo nitalishughulikia mwenyewe.”

Binti alinitazama vile anavyowatazama wagonjwa wanaodai wameshameza dawa.

Nilipokuwa mke wa mtu yule nilikuwa na cherehani ya miguu, niliyopewa na mama yangu. Mama akaugua, nikaenda kumuuguza. Niliporudi, pale dirishani zilibaki alama nne za miguu ya cherehani sakafuni, na kitandani kwangu limelala gitaa la umeme, limefunikwa shuka langu. “Usikasirike, mama watoto,” akaniambia, “hili litatulisha.” Likamlisha yeye, na mwimbaji mmoja wa kike mwenye sauti ya kengele. Wakaja kuondoka pamoja, yeye, kengele na gitaa. Mimi nikabaki nashona sare za shule kwa mkono mpaka ncha za vidole zikawa ngumu kama kwato.

Kuna na lingine, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kabla hajaondoka alinikuta siku moja nimelishika lile gitaa. Mimi natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo nilikuwa nimelipakata kinyume. Bendi nzima ilikuwa sebuleni kwangu, inakunywa chai yangu. Nikamwomba anifundishe japo kidogo. Akawaita wenzake, “Njooni mwone mke wangu anavyokamua mbuzi kwa upande wa kichwani.” Wakacheka mpaka chai ikawatoka puani. Kisha akaniambia gitaa halina mlango wa kushoto.

Maneno hayo nimeyatunza vizuri kuliko vyombo vyangu vya harusi. Wako watu wanaosamehe. Nawaheshimu, na huwa nawashonea kwa bei nzuri. Mimi si mmoja wao.

Basi asubuhi iliyofuata ile habari ya binti nikaenda dukani. Mwenye duka alikuwa mtu mnyonge hivi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Nilipomwonyesha gitaa akatikisa kichwa.

“Sitaki kukudanganya, mama. Lina ugonjwa. Ukilipiga kuna kitu kinalia tumboni kama mbu ndani ya kopo. Watu wanakuja, wanalipenda, wanalijaribu, wanaondoka. Kuna mzee mmoja tu anayekuja kila siku, naye ananiambia na shingo imepinda, nimpunguzie bei.”

“Mzee huyo anavaa kofia upande?”

“Ndiye.”

“Na kabla ya kusema uongo anavuta pumzi kwa pua?”

Mwenye duka akafikiri. “Sasa umesema. Nilidhani ana mafua.”

Nilikuwa na fedha niliyoiweka ya bati jipya la jikoni. Ikaenda yote kwenye gitaa. Msimu ule mvua ilininyeshea kwenye sufuria, na kila tone lilinifurahisha.

Gitaa lenyewe, sitalionea, lilikuwa zuri. Rangi yake nyekundu ya kukolea, iliyofifia pale mkono wa mtu ulipokuwa ukipumzika. Lilikuwa na mapembe mawili yanayolingana, moja huku na moja huku. Katikati ya tumbo umepita mti mzima, na ubavuni kote kuwili ni uwazi mtupu, wenye matundu mawili ya umbo la herufi S. Nililifunga kwenye blanketi nikalipeleka kwa fundi tunayemwita Waya, anayetengeneza redio, pasi na magitaa katika chumba wasimoweza kugeuka watu wawili kwa pamoja. Ni mtu mnene, na chumba amekivaa kama shati.

Waya akalitikisa, akasikiliza. Akamulika tochi kwenye tundu, akaingiza spoku ya baiskeli aliyoipinda ncha, akavua. Alivua taratibu, ulimi nje, mpaka akatoa kitu kimening'inia kwenye uzi: vipande vya plastiki vya pembe tatu, rangi ya njano, vimetobolewa na kufungwa pamoja.

“Vidude vya kukwangulia nyuzi,” akasema. “Tena vya kukata kwa mkasi. Hivi havikudondoka bahati mbaya, bibi. Mtu kavifunga hivi makusudi vigonge ubao.”

Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Njano ile ilikuwa ya madumu ya mafuta ya kupikia. Katika ndoa yangu yote sikuwahi kuwa na dumu lisilo na dirisha. Kila nikigeuka, Baba Watoto ameshakata kidude chake.

Yaani alilitia gitaa ugonjwa kwa mkono wake, watu wengine walikimbie, limngoje yeye amalize kuzunguka kwa ndugu. Na ugonjwa huohuo ndio ulioshusha bei mpaka ikafika kwangu. Nilicheka mpaka Waya akanipa maji.

“Haya, limepona,” akasema. “Lipeleke nyumbani.”

“Bado. Nataka uligeuze, liwe la kushoto.”

Waya akakaa juu ya redio ya mtu. “Bibi, hiyo si kazi ya kubadili nyuzi tu. Ule mfupa wa shingoni unaoshika nyuzi, mifereji yake ni ya kulia, nitachonga mwingine. Daraja linalobeba nyuzi huku tumboni nilipange upya. Kifungo cha mkanda kihame. Na hivi vitufe vya sauti vitakuwa upande wa juu, vitakukera mkono.”

“Vihamishe.”

“Nitoboe matundu mapya kwenye gitaa kama hili? Nitaota vibaya.”

“Ota, lakini toboa.”

Akatoboa, akinung'unika kama anayezika mtu. Kazi ngumu ilikuwa nyaya. Gitaa la namna ile halina mlango nyuma. Kila kitu kinaingilia tundu la S, kama kumvisha mtoto aliye ndani ya chupa. Kila kitufe alikifunga uzi wangu wa kushonea jinzi, akakivuta tumboni kutoka upande wa pili mpaka kichungulie kwenye tundu lake. Mara ya kwanza vikachanganyika, akatukana kwa heshima kwa sababu nilikuwapo. Nikamtafutia nyuzi za rangi nne.

Vile vitufe sikutaka vya dukani. Nikampa vifungo vya koti zito la baridi, vyeusi, vikubwa, akavigandisha juu. Na lile bamba la plastiki chini ya nyuzi nikamwambia achore kwa ncha ya moto picha ya cherehani, yenye gurudumu na sindano, asisahau kitu.

“Na huu mfupa wa zamani?” akauliza mwisho. “Nikufungie, ukitaka kulirudisha siku moja?”

“Usage.”

“Bibi, huyo mtu alikufanya nini?”

“Alikunywa chai yangu,” nikasema.

Baba Watoto alikuja siku aliyokuta dukani msumari peke yake. Kofia upande, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu.

“Mama watoto.”

“Baba watoto. Karibu, usinikanyagie vitambaa.”

Akavuta pumzi kwa pua. “Nilikuwa napita tu.”

“Pita basi.”

Hakupita. Akakaa kwenye ncha ya kiti. “Binti amesema gitaa umelishughulikia. Nikasema moyoni, mama watoto hana kinyongo, ni mtu mkubwa.”

“Nimelishughulikia sana,” nikasema, nikaenda chumbani kulileta.

Alilipokea kama mtu anayepokea kichanga. Akalipakata, mkono wa kushoto ukaenda wenyewe shingoni, wa kulia tumboni, macho ameyafumba kabisa. Kisha vidole vikapapasa, vikakuta nyuzi nene mahali pa nyembamba. Akafumbua macho. Uso ulimbadilika polepole kama maziwa yanayoharibika. Akaligeuza upande wa pili, na sasa nyuzi zikawa sawa, lakini mikono yake ndiyo ikawa ya mtu mwingine. Aliyewahi kumwona mtoto wa shule akivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto ameshamwona Baba Watoto siku ile.

“Limefanywa nini hili?”

“Limefunguliwa mlango wa kushoto.”

Akaona vifungo vya koti. Akaona cherehani. Nami nikamwekea mkononi vile vidude vya njano, bado vimefungwa uzi.

“Na hivi ni vyako. Tulimpasua mchumba wako, tukavikuta.”

“Sivijui.” Akavuta pumzi kwa pua.

“Pole na mafua.”

Ndipo akaanza kuomba. Akasema Waya anaweza kulirudisha kulia. Akasema Jumamosi moja tu, watu wa hoteli wamsikie, halafu nilichukue. Akasema amezeeka, kuwa hii ndiyo nafasi ya mwisho, hakuna bendi nyingine itakayomtazama. Akaita majina ya watoto wetu wote, na moja alilikosea. Nilimwacha aombe mpaka mwisho, nikampa na chai ili koo lisimkauke. Alipomaliza nikasema hapana.

“Unataka nini basi?”

“Unifundishe.”

Akacheka, kwa mazoea. Akageuka kuangalia wenzake wa kucheka naye, akakuta mashati ya watu yananing'inia.

“Mimi simfundishi mtu wa kushoto,” akasema, akaondoka.

Mwezi ukaisha. Bendi ikachukua mtu mwingine. Binti akaja amenuna, akavua viatu kwa kuvirusha.

“Umefurahi sasa, mama?”

“Bado kidogo.”

“Baba amekonda.”

“Nguo zake za zamani zitamwingia.”

“Analiota lile gitaa. Anaamka anapapasa ukuta.”

“Mimi nimeota cherehani miaka yote, hakuna aliyenipitishia mchango.”

Binti akanisaidia kukunja nguo.

Alhamisi moja mchana Baba Watoto akarudi. Hakuwa na kofia. Alisimama kwenye kizingiti akakiambia kizingiti, “Nimekuja kufundisha.”

Nikamkalisha kwenye kigoda nilichokuwa nikiogeshea watoto, magoti yakamfika masikioni. Sharti langu lilikuwa moja: asiliguse. Aseme kwa mdomo tu. Masikini, kila alilolijua lilikuwa mikononi, na mikono yake haikuwa na kazi pale. “Kidole cha shahada, uzi wa tatu. Siyo huo. Ule mwingine. Siyo, kwangu ni juu, kwako pia ni juu, lakini… ngoja.” Jasho lilimtiririka. Nilipokwangua vibaya alishtuka kama aliyeumwa na nyuki. Nikakwangua vibaya tena, kuhakikisha. Akashtuka tena.

Hapo nikaona adhabu yenyewe ilipokaa.

Nilimwambia anifundishe ile solo yake, aliyojipatia nayo jina kwa gitaa la cherehani yangu. Asubuhi nilipokuwa peke yangu niliifanyia mazoezi, sindano nimeiweka kando, kwa spika ndogo aliyoniundia Waya kwenye sanduku la redio mbovu. Vidole vya mshonaji havisumbuliwi na nyuzi, vilishakuwa kwato. Nikaishika, kipande kwa kipande, na kumbe ilikuwa nzuri, na hilo nalo lilinikera. Lakini kila Alhamisi, pale solo inapopanda, pale alipokuwa akifumba macho jukwaani na wanawake wakishika vifua, pale ndipo nilipokosea. Kila mara. “Tuanze tena,” anasema, na sauti yake imechubuka. Tunaanza tena.

Alhamisi iliyopita, kabla hajafika, nilijisahau. Niliipiga yote, mwanzo hadi mwisho, na pale inapopanda nikaipandisha mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka na tumbo la gitaa likaanza kuguna lenyewe. Nilipoinua macho, nyuma ya pazia la mlango kulikuwa na viatu. Viatu vya mwanaume, vimesimama, ncha zimenielekea. Sijui vilikuwa pale tangu lini. Vikakaa. Gitaa likanyamaza, vikaendelea kukaa.

Kisha akabisha hodi kama kila siku, akaingia, akakaa kigodani.

“Umefanya mazoezi?”

“Vidole vizito, baba watoto. Uzee.”

Akaniangalia. Nami nikamwangalia. Angeweza kusema kwamba amenisikia, na akisema, mafunzo yamekwisha, na Alhamisi hatakuwa na mlango wa kwenda kubisha wala gitaa la kusikiliza. Nilimwona akilifikiria hilo, magoti yake masikioni.

“Tuanze tena,” akasema.

Nikaanza. Nikaipiga vizuri, taratibu, mpaka pale inapopanda. Akafumba macho. Nikakosea.