Ushahidi wa Matumbo Arobaini na Moja

Jumamosi saa kumi jioni, Mama Bibiane wa Kikula aliipua sufuria kubwa ya wali, akaifunga kwa blanketi mbili za kitandani na kuiweka kwenye kona ya sebule. Kesho yake binti yake alikuwa anapokea komunio ya kwanza. Umeme wa Likasi hauna adabu, na mwanamke mwenye akili hapiki siku ya Misa. Mama yake alifanya hivyohivyo maisha yake yote, na alizikwa na watu wengi.

Baada ya Misa aliupasha wali moto mpaka ukashika ukoko. Wageni na wenyeji arobaini na mmoja walikula. Aliyeisukuma sahani yake ni mmoja tu, Tante Colette, shangazi wa Ghislain, mume wa Bibiane. Alikuwa ameishi chumba cha nyuma miaka kumi na mmoja na kuwaogesha watoto wote wa nyumba ile. Yeye aliomba bukari, ugali wa kwao. Kwake wali ulikuwa njia ya kuchelewesha njaa.

Kufikia saa kumi na moja, wote arobaini na mmoja walikuwa wanatapika nyuma ya ukuta, kwa foleni, wazee kwanza. Walipomaliza, matumbo yao yakaanza kusema.

Yalisema kwa pamoja, kwa Kiswahili cha Kikula, na Kifaransa kidogo palipohitaji heshima. Muuguzi wa zahanati aliacha kuwahoji wagonjwa akayahoji matumbo, kwa kuwa hayazunguki sana. Aliandika yote, akawanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari, akarudi nyumbani kwake.

Vinywa navyo vilikuwa na habari zao. Vilisema kuna mtu ametia sumu, na kwamba asiyekula anajulikana. Hadi Jumatatu neno bulozi, yaani uchawi, lilikuwa limeshazunguka mtaa mzima, na Ghislain akatangaza kwamba shangazi yake atafungasha, isipokuwa shefu wa mtaa amsafishe jina. Colette alikuwa na miaka sabini na mbili, na chumba kingine hakuwa nacho.

Shefu Théophile aliketisha kesi Jumanne asubuhi. Colette aliulizwa kwa nini hakula.

"Minye nilikula bukari, Shefu. Muchele hainishibishake."

Ukumbi ulinong'ona. Ndipo likaitwa tumbo la Ghislain, maana ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote na lingesikika hadi nyuma. Ghislain alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti. Shefu akamwamuru avifungue, shahidi apate hewa.

"Hakuna muntu alitia kintu," tumbo likasema. "Ule muchele ulilala mu blanketi tangu samedi, moto-moto kidogo. Badudu balizaliana mule, balitengeneza sumu yabo. Dimanche mama alipasha, badudu bakakufa, sumu ikabakia. Sumu ya bale haiogopake moto."

Matumbo mengine arobaini yakasema ni kweli. Shefu aliandika kila neno kwa mwandiko mzuri. Kisha akafika mahali pa sahihi.

"Tumbo, uko na carte d'électeur?"

"Hapana, Shefu."

"Bon. Bila carte haiwezekane kusaini."

Akaeleza kwamba sheria haimnyimi mtu haki yake: mwenye tumbo mwenye kadi ya mpiga kura anaweza kusaini kwa niaba yake, mradi aandike anachokijua yeye mwenyewe. Ghislain akaandika kwamba shangazi yake ni mulozi, akasaini. Wengine wakafuata kwa foleni.

Bibiane alisaini wa mwisho. Tumbo lake lilikuwa limemwambia habari ya blanketi tangu Jumapili, usiku na mchana, na aliliamini. Lakini kulisadiki hadharani ni kukiri kwamba watu arobaini wametapishwa na mkono wake, na katika Kikula nzima nani angekula tena kwake? Aliona aibu, na akasaini kwa aibu hiyohiyo.

Alhamisi alimbebea Colette mfuko hadi kwenye taxi-bus ya Lubumbashi, ambako bibi huyo alikuwa na mpwa asiyemjua vizuri. Majirani walisimama milangoni. Kila walikopita, matumbo yalimwambia Colette, "Pardon, mama," na wenye matumbo wakakohoa kwa nguvu. La Bibiane lilikuwa linasema blanketi, blanketi, njia nzima, ingawa alikuwa amelifunga kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza.

Mlangoni mwa gari, Colette aliweka kiganja juu ya tumbo lile, vile alivyokuwa akiwatuliza watoto wa Bibiane.

"Acha sasa," akaliambia. "Bote banasikia muzuri."

Kisha akapanda, akapata kiti cha dirishani.