Ukurasa wa Kumi

Mkalimani aliandika nywila mara ya nne, taratibu, kama anayembembeleza mtoto mkaidi. Kompyuta ikajibu vilevile: akaunti imefungwa. Humo ndani mlikuwa na kurasa kumi na moja za ushahidi wa Mama Pacha, ambaye alikaa mbele yake mikono mapajani, vumbi la safari ya siku mbili bado miguuni. Ilibaki kumsomea kwa lugha yake, akubali au akosoe, atie dole gumba kila ukurasa, kisha karatasi ziende mahakama ya kimataifa. Bila dole, ni mazungumzo ya chumbani tu.

Akaipigia kampuni inayotunza mafaili.

"Dada, kuna mswada wa vikwazo dhidi ya hiyo mahakama," mhudumu akasema.

"Umepitishwa?"

"Bado. Tumefunga akaunti kwa tahadhari."

"Kaka yangu, mvua haijanyesha, nyinyi mmeshaanua mpaka nguo za jirani."

"Nakuelewa, dada. Kuna jambo lingine nikusaidie?"

"Kwani hili la kwanza umenisaidia?"

Simu ikakatwa.

"Hiyo mahakama imekosa nini?" Mama Pacha akauliza.

"Imewagusa wakubwa, mama."

"Na mimi nimemgusa nani?"

"Si unajua, wapiganapo tembo..."

"Tembo waache huko. Nyasi ni mimi, najua nilivyolazwa."

Mwezi uliopita, kabla ya kuanza kusimulia, alikuwa ameapa kwamba atasema mara moja tu, asiulizwe tena mpaka kaburini. Sasa aliitazama kompyuta, akaitazama kalamu. Basi lake lilikuwa linaondoka saa kumi.

"Mwanangu, si uliyasikia yote? Yaandike wewe."

"Ninayo kichwani, mama. Lakini siruhusiwi kukusemea. Lazima yatoke kinywani mwako."

Mama Pacha akashusha pumzi. "Haya. Ilikuwa asubuhi."

Mkalimani aliandika mpaka kiganja kikafa ganzi. Ndoo iliyoangushwa. Pacha mmoja mgongoni, mwingine akikimbia nyuma. Ukurasa wa tisa ukawafikisha mlangoni mwa ghala, na hapo mama akanyamaza.

Mkalimani alisubiri. Alilijua neno linalofuata: jina la mtu aliyetoa amri. Mara ya kwanza lilikuwa juu kabisa ya ukurasa wa kumi. Lilimkaa mkalimani ulimini, halitemeki wala halimezeki.

"Basi," Mama Pacha akasema. "Mara ya pili halipiti kooni."

Akasomewa zile kurasa tisa. Akasahihisha rangi ya ndoo. Akatia dole, moja baada ya jingine.

Simu ikatoa mlio wa ujumbe.

"Nani huyo?"

"Kampuni. Wanauliza tumeridhika nao kiasi gani. Eti tubonyeze nyota, moja mpaka tano."

"Lete."

Kabla hajazuiwa, Mama Pacha alilikandamiza dole lake lenye wino kwenye kioo kwa hasira zote zilizobaki. Nyota zote tano zikawaka.

"Wanasemaje?"

"Wanakushukuru, mama."

Mama Pacha akachukua mkoba wake akaliwahi basi. Mkalimani alikifuta kioo kwa kiganja. Wino ukazidi kutapakaa.