Fidla ya Pili

Unakimbia, Kasimiri, pale ukurasa wa pili unakimbia, ndilo neno la mwisho Adelina alilomwambia, bila hasira, amekalia mbuzi mlangoni anakuna nazi, machicha yamemganda kifundoni, naye Kasimiri akamjibu mkewe kwamba fidla ya kwanza haikimbii, fidla ya kwanza ndiyo saa, wengine waifuate, Adelina akacheka, akachukua ndoo, akaenda bombani, akaanguka pale pale kwenye foleni hata ndoo haijajaa, moyo, alisema daktari, na baada ya hapo hakuna tena la kusimulia... "Shemeji, turudie?" anauliza Alfonsi, kaka wa marehemu, na Kasimiri anatikisa kichwa, bado kidogo, upinde wake uko hewani hapo hapo walipovurugikiwa, watu watatu sebuleni Temeke, Jumapili ya kwanza baada ya arobaini, Alfonsi na chelo aliyoichonga mwenyewe katikati ya magoti, Mwishehe na viola begani, na kiti cha nne kitupu, leo hakuna aliyethubutu kukisogeza. Hawajawahi kuvurugikiwa namna hii tangu walipopiga mara ya kwanza kwenye ukumbi wa parokia kule Kurasini, mwaka wa Uhuru, Alfonsi kavaa koti la kuazima lililomfika magotini, na tangu hapo kila Jumapili alasiri, hata mwaka ule nyuzi zilipoadimika madukani wakafunga mishipi ya kuvulia, fidla zikalia kama paka na Mwishehe akasema, "Sie leo hatupigi, tunavua," hata alipokuja yule kijana wa tawi la chama kuuliza mbona wafanyakazi wa nchi ya kijamaa wanapiga muziki wa wakoloni, Adelina akamwambia, keti mwanangu, usikilize kwanza, wanne hawa wanagawana kazi moja na hakuna bwana humu ndani, sasa ujamaa ni nini kama si huu, kijana akaketi, akanywa chai, na Jumapili iliyofuata akarudi na mchumba wake... "Mie naona," Alfonsi anasafisha koo, "yuko Anjelina, yule nesi wa Gongo la Mboto, marehemu kamfundisha kwa mkono wake, angekuja akakaa hapa..." na Kasimiri anasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Kiti hicho hapana. Bora tuvunje kundi," sauti ambayo hakuipima, na sasa neno limeshatoka, liko mezani na vikombe vya chai, vunja kundi, miaka yote ile, Jumapili zote zile, kwa neno moja. "Tuvunje?" anasema Mwishehe. "Mwalimu, mie Jumapili nitakwenda wapi? Mke wangu kashazoea sipo, nikibaki nyumbani atanipeleka kwa mganga." Hacheki mtu. Mwishehe huyu huyu, ndiye aliyefanya kile kioja msibani, Mzaramo kwa watani zake watu wa Kusini, akakitoa kiti hicho sebuleni akakikalia uani katikati ya wafiwa, fidla ya marehemu kwapani, akapiga kelele, mtani wangu katoroka mazoezi, mvivu mkubwa, siachii kitu hapa mpaka niletewe kuku! wanawake wakacheka na machozi yao, shangazi Yuliana akamletea kuku mzima, anapiga mabawa, na Mwishehe akamnyooshea Kasimiri upinde, na huyu hapa kajiinamia, mnadhani ndiye alikuwa kiongozi? Muongo huyo! Miaka yote kamfuata mkewe kama kifaranga nyuma ya tetea, sasa tetea kaondoka, mtazameni kifaranga! watu wakaangua kicheko, na Kasimiri, aliyesoma Makerere na kulelewa Masasi, alijua vizuri kwamba mtani hakasirikiwi, akakasirika, kimya kimya, akaibeba hasira hiyo mpaka leo, mpaka kwenye ukurasa wa pili... ambapo amekimbia. Amekimbia na hakuna aliyemshika. Alikuwa amejiandaa kuikosa sauti ya Adelina, masikio yalijua, alichokikosa ni mwendo, mkono uliokuwa chini ya mkono wake, maana kila alipokimbia fidla ya pili ilirefusha noti moja, kidogo tu, ikampa nafasi ya kurudi bila mtu kujua ametoka, na watu wakampigia makofi kwa utulivu wake, utulivu, mara ngapi amesifiwa utulivu, akainamisha kichwa kupokea, na Adelina kando yake anapangusa fidla kwa kitambaa, hasemi kitu. Mwishehe alisikia. Alfonsi alisikia. Walijua miaka yote na wakamwachia heshima yake, mpaka msibani, mahali pekee ambapo rafiki angeweza kulisema mbele ya watu na lisiwe tusi, akalisema, na yeye akalihesabu tusi. Aibu inampanda, anaisubiri imkae, lakini haimkai, nyuma yake kinakuja kitu kingine, kipana, kinamjaa kifuani mpaka anaogopa kuvuta pumzi, ahsante, anasema kimoyomoyo, ahsante Adelina, kumbe mtu anaweza kubebwa hivyo miaka yote na akadhani anatembea, na hajachelewa kushukuru, au amechelewa na ashukuru hivyo hivyo... lakini alizirefusha noti zipi, na kiasi gani, na alijuaje, upande huu wa fidla ya kwanza hujui kitu, upande huu unapokea tu. "Chai inapoa," anasema Alfonsi. "Tupe neno, Mwalimu," anasema Mwishehe, anajikuna shingo kwa upinde, "hata tusi tutapokea." Upinde wa Kasimiri bado uko hewani.

Kesho yake asubuhi alikwenda Gongo la Mboto, akamkuta Anjelina anarudi kutoka zamu, sare imekunjamana, akapokea shikamoo yake, akamwomba aje kupiga nao Jumapili. Anjelina akatazama chini. "Kiti cha Mama Adelina siwezi, Mwalimu."

"Hicho nitakikalia mimi," alisema. "Nakuomba uje ukalie changu."