Mtungi wa Barabarani

Maji ya kuoshea mchele ndiyo yaliyomharibia Bibi Tusekile siku yake. Jumamosi hiyo, jua halijakolea, alitoka na beseni mpaka ukingo wa barabara mbele ya nyumba yake, akayamwaga palepale anapoyamwaga siku zote. Kwa kawaida maji yale meupe husambaa, yakajitafutia njia hadi mferejini. Safari hii hayakwenda popote. Yalizunguka kidogo, kama mtu anayewaza, yakazama. Kisha, akiwa bado ameinama, akasikia kutoka chini ya ardhi: tubwi. Kimya. Tubwi.

Alirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, beseni amelikumbatia kifuani. Alijua kilichokuwa chini pale, na katika Mtaa wa Mpunga wote ni yeye peke yake aliyejua, maana aliyejua naye, marehemu mumewe Amon, alikuwa kaburini.

Palikuwa na choo chao hapo, zamani. Kilipojaa, Amon alikifunika kwa magogo, juu akaweka udongo, na juu ya udongo akapanda mgomba, kama watu wa Kyela wanavyofanya, kwa kuwa choo cha zamani hakikunyimi ndizi nono. Mgomba ukazaa, watoto wakala, shimo likasahauliwa. Miaka mitatu iliyopita barabara ya mtaa ikapanuliwa, na tangazo likapita nyumba kwa nyumba: mwenye shimo la zamani aseme, alijaze mawe na kifusi kabla greda halijafika. Mzee Zebedayo, mwenyekiti wa mtaa, alilisema la kwake, akabeba mawe siku nne mpaka mabega yakachubuka. Bibi Tusekile alikuwa mjane wa miezi mitatu, wanawe wako mbali, hana wa kumbebea hata jiwe moja. Walipomuuliza, alijibu, "Hapa kwangu ni mgomba tu."

Greda likaukata mgomba, likasawazisha, likaenda zake. Magari hupita katikati ya barabara. Ukingoni pale hupita mbuzi, na watoto. Kwa hiyo shimo lilimvumilia bibi miaka mitatu, huku vilivyomo vikioza na kushuka, magogo nayo yakiliwa na maji ya masika, mwaka baada ya mwaka.

Na leo saa nne alikuwa na kikao.

Bibi Tusekile alikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa. Walimchagua kwa sababu moja tu, na waliitaja mbele yake: huyu bibi hasemi uongo. Alijifunga khanga, akamwambia mjukuu wake Kisa, msichana wa miaka kumi, "Usicheze ukingoni leo, umenisikia?" Kisa akaitikia "ee" ile ya mtoto ambaye masikio yako kwingine. Bibi akaenda.

Ofisi ya mtaa ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga. Mashine ikinguruma, wajumbe husemezana kwa kupiga kelele. Ikinyamaza, hujikuta wanapigiana kelele bila sababu. Mbele yao alisimama Mansuri, mwenye duka la vitenge, mtu wa tumbo na maneno matamu, na karatasi mkononi.

"Tunaomba kibali tufunge mtaa kesho Jumapili," alisema. "Mpunga umeingia ndani, watu wameshiba. Kila nyumba ipike chungu chake, tule pamoja barabarani. Watoto wamejiandaa kucheza ngoma. Gwamaka atatuletea Fuso yake na maspika na jenereta. Itakaa kule mwisho, mbele ya duka langu."

"Bibi," akadakia Mwalimu Sylvester, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, "leo hutufungulii kwa kitendawili? Kikao bila kitendawili chako ni chai bila sukari."

"Leo sina," alisema bibi.

"Huna! Basi hata kuku wa mtaa huu watakoma kutaga."

Walicheka. Bibi hakucheka. Alikuwa anawaza watoto arobaini wakipiga miguu chini kwa mdundo, na kwamba watoto hawachezi pale unapowaambia, huchezea popote penye nafasi. Akainua mkono.

"Mimi siafiki."

Mashine ilikuwa imenyamaza, kila mtu akamsikia vizuri. Yeye, aliyekuwa wa kwanza kupiga vigelegele kwenye kila harusi!

"Kwa nini, shemeji?" aliuliza Zebedayo. Yeye na Amon walikuwa rika moja, na tangu zamani alimwita hivyo.

Ulimi wa bibi ukatafuta pa kushika. "Kelele. Kule kwa Mansuri msikiti uko jirani. Maspika yakilia alasiri, watu wataswalije?"

Hanifa, mjumbe mwenzake, aliyeuza viungo sokoni, akampiga bega taratibu. "Ndaga fijo, asante sana, bibi. Mimi Muislamu nimekaa kimya, wewe wa Moravian umetukumbuka."

Bibi Tusekile akashusha pumzi. Imekwisha, alijiambia. Watakataa.

"Bibi kasema la maana," alisema Zebedayo. "Basi tuihamishe. Wapi pengine pana nafasi?"

"Mbona papo," alisema Mwalimu Sylvester, wala hakuinua kichwa kwenye daftari. "Mbele ya kwake bibi mwenyewe. Ule ukingo ni mpana, Fuso inakaa bila kuziba njia. Na wazee tutawapangia viti hapohapo, karibu na muziki."

Mdomo wake mwenyewe ndio ulioivuta Fuso kutoka kule mbali na kuiweka juu ya shimo.

"Hapana," alisema. "Kwangu pana mgonjwa."

"Nani mgonjwa?"

"Mimi."

"Wewe!" alicheka Hanifa. "Jana umetwanga kisamvu cha harusi nzima."

"Na kuna msiba Ndandalo. Haifai kucheza watu wakilia."

"Matanga yalianuliwa wiki iliyopita, bibi," alisema Mansuri, "na ubwabwa tulikula sahani moja mimi na wewe. Ulininyang'anya nyama."

"Mvua..."

"Mvua gani tena Julai hii, mama yangu?"

Zebedayo alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kisha akasema, "Wanaokubali." Mikono ikapanda. Wa bibi ulibaki mapajani, mzito kama mchi. Mwenyekiti akapumulia mhuri, akaugonga kwenye karatasi, na mlio wake ukamshtua bibi kama mlango uliofungwa kwa nje.

Mansuri tayari alikuwa na simu sikioni. "Gwamaka! Kibali kimetoka. Ilete sasa hivi tujaribu maspika. Siyo dukani, ukingoni kwa Bibi Tusekile. Ingia kinyumenyume mpaka karibu na ukuta. Na hao watoto wa ngoma, wapo? Wanafanyia mazoezi papo hapo? Vizuri kabisa!"

Papo hapo. Na Kisa ni mmoja wao.

Bibi Tusekile alisimama. Alitaka kusema, na maneno yaliyokuja yalikuwa ya miaka mitatu, yameota kutu. Angelitajaje shimo mbele ya Zebedayo, aliyechubuka mabega? Wangemwitaje kesho kanisani? Ndipo ulimi, kwa kukosa njia nyingine, ukaishika ile uliyoizoea tangu utoto.

"Kitendawili!"

"Aa, kumbe unacho!" walifurahi. "Tega!"

"Nina mtungi wangu barabarani. Kila siku naumwagia maji, haujai."

"Mchanga!" alisema Hanifa.

"Sio."

"Tumbo la Mansuri," alisema Mwalimu Sylvester, na Mansuri mwenyewe akacheka kuliko wote.

"Tumeshindwa," alisema Zebedayo. "Twakupa mji. Chukua Matema na ufukwe wake wote."

"Sitaki mji." Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Ni shimo la choo. La kwangu. Chini ya ule mgomba uliokatwa na greda. Sikulijaza, sikulisema, nikawadanganya. Magogo yameoza, leo asubuhi nimesikia maji yakidondoka ndani. Na watoto wako juu yake, tata, baba yangu, na Fuso inakwenda!"

Hanifa alikuwa wa kwanza kutoka, viatu vimebaki mlangoni. Mansuri alikimbia huku akibonyeza simu, akisema peke yake, "Pokea, Gwamaka, pokea, pokea," na Gwamaka hakupokea, kwani mtu anayeendesha Fuso yenye muziki hasikii simu. Bibi alishikwa mkono na Zebedayo, wakaenda mwendo ambao si wa kukimbia wala wa kutembea, wa wazee wenye hofu.

Walipokata kona waliwaona. Wasichana wanane, njuga miguuni, Kisa mbele yao, wanapiga miguu chini kwa nguvu zote. Vumbi lilikuwa linaruka. Na katikati yao bibi aliona, au aliona kwa sababu alijua, udongo ukitikisika kama ngozi ya ngoma.

"Kisa!" Njuga ziliimeza sauti yake. Akajaribu tena. "Kisa! Acheni! Simameni!"

Wakasimama, wakashangaa.

"Msikimbie," alisema bibi. "Msikimbie, wajukuu zangu. Njoo mmoja mmoja. Kwa vidole, kama mnaiba sukari. Wewe wa pembeni kwanza."

Hawakuelewa kitu, ila waliona uso wake, na uso ule uliwatosha. Wakaja. Mmoja. Wa pili. Njuga zilitoa mlio mdogo kwa kila hatua, na kwa kila mlio bibi alifumba macho. Wa tano aliposogea, ufa mwembamba kama uzi ulijichora ardhini nyuma ya kisigino chake. Kisa akauona. Akaganda.

"Bibi, chini panaongea," alisema Kisa.

"Najua, mama. Usipasikilize. Nitazame mimi."

Kule mwisho wa mtaa honi ya Fuso ikalia, na muziki nyuma yake. Hanifa alisimama katikati ya barabara, khanga ameitanda kwa mikono miwili kama mtu anayefukuza ng'ombe. Fuso ilikuja, ikaja, ikasimama hatua tatu kutoka puani kwake.

"We mama, umechoka kuishi?" alifoka Gwamaka.

"Zima!" alisema Hanifa. "Zima kila kitu!"

Katika ukimya uliofuata, wenzake waliobaki walipita, kisha Kisa akamaliza hatua zake za mwisho, akaangukia kwenye khanga ya bibi yake. Bibi alimshika kichwa kwa mikono miwili.

Zebedayo aliomba mtaimbo kutoka kwenye Fuso. Akapiga magoti mbali na ufa, akanyoosha mkono, akaudunda chini mara moja. Mara ya pili mtaimbo ule, chuma kizima, ulimponyoka na kuzama wote kama sindano kwenye mchele. Walisubiri. Kisha: tubwi. Udongo ukafuata, taratibu, ukaacha mdomo mweusi mpana kama ungo, na harufu ya kale ikapanda. Ukapanuka hadi upana wa kitanda. Ukatulia hapo. Mansuri alikaa chini barabarani kama alivyo, na shati lake jeupe, akitaja jina la Mungu.

Zebedayo aliinuka akijipangusa magoti. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, ile siku ya nne, nilipokuwa napita hapa na mawe, ulikuwa wapi?"

"Barazani. Nilikuwa nakuona."

"Ulinipa maji ya kunywa."

"Nilikupa."

Alitikisa kichwa muda mrefu. Watu walikuwa wameanza kujaa, wananong'ona, na bibi alisikia jina lake likipita mdomo hadi mdomo, na halikupita kama jana.

"Kiti changu cha ujumbe chukueni," alisema.

"Hilo mtaa utaamua," alisema Zebedayo. Akaitoa karatasi yenye mhuri mfukoni mwa Mansuri, akaichana vipande viwili. "Kesho mtaa unafungwa vilevile, ila hakuna ngoma. Kila nyumba ije na mawe badala ya chungu. Gwamaka, Fuso yako itabeba kifusi. Na wa kwanza atakuwa mwenye shimo."

Bibi Tusekile hakungoja kesho. Alikwenda jikoni, akatoa moja ya mafiga yake matatu, lingali na joto la asubuhi. Alilibeba kwa mikono miwili mpaka pale alipoonyeshwa asivuke, Kisa ameng'ang'ania khanga yake kwa nyuma, anamvuta.

"Bibi, usisogee."

"Sisogei."

Akalirusha. Jiwe likaingia gizani. Mtaa mzima ukanyamaza, wakubwa kwa watoto, wakisikiliza. Bibi alihesabu moyoni, moja, mbili, na kabla ya tatu alijikuta amemkamata Kisa mkono, kwa nguvu ya kumuumiza, na hakumwachia hata baada ya kusikia maji.