Kufuli Lililoning'inia Nje

Habari yenyewe ilitoka kwa Redio, na mtaa mzima ulijua kwamba Redio huyo hana kitufe cha kuzimia. Alikuwa mshona nguo wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye cherehani barazani na masikio kila upande. Siku hiyo, huku akikunja pindo la shuka la mteja, alisema upepo wa juzi umeng'oa paa la mjane wa nyumba ya mwisho kule ufukweni. Paa zima, kama mtu anavyovua kofia. Na mjane alikuwa ndani. Akakaa humo akinyeshewa, asijue wa kumwita, mpaka upepo ulipotulia na watu wakatoka kuokota mabati yao.

"Na hakuna aliyejua kama yumo?" akauliza jirani yake, aliyekuja kuchukua foronya.

"Nani ajue? Si anaishi peke yake."

Jirani huyo walimwita Mama Tahadhari, kwa sababu alitembea na mwavuli hata jua likipasua mawe, na hakuwahi kutoka jikoni bila kurudi mara ya pili kuangalia kama jiko limezimika. Alichukua foronya zake akaenda zake. Lakini yale maneno, anaishi peke yake, yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Akimeza yapo, akitema yapo. Alijiambia ni porojo za Redio. Halafu akakumbuka kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, akatoka nje kutazama paa lake.

Nyumba yake iliipa bahari uso. Marehemu mumewe aliijenga hivyo makusudi, akisema hewa ya bahari haina kodi. Alisahau kwamba chumvi nayo haina kodi, inaingia itakavyo. Ukuta wa mbele rangi ilikuwa imebambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na chini ya rangi plasta ilitoa unga mweupe ukiigusa. Vichwa vya misumari ya paa vilikuwa vimelia machozi ya kahawia mpaka ukutani. Na nyuma ya ukuta huo huo ndipo kilipokuwa chumba alichokitengeneza kwa ajili ya mjukuu.

Hapo ndipo roho yake ilipokuwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, anayefanya kazi mji wa mbali, safari ya basi ya kutwa. Binti alikuwa amejifungua, na mtoto mwenyewe kifua kilimbana tangu wiki za mwanzo. Alikuwa amesema kwenye simu: "Mama, nitakuja tukae kwako mpaka likizo yangu iishe. Lakini ule ukuta, mama. Daktari amesema mtoto asilale kwenye unyevu hata kidogo. Nikikuta umelowa, nitageuza."

"Hutaukuta umelowa," mama alimjibu, kama mtu anayeahidi jua.

Basi akamwita fundi rangi. Fundi huyu walimwita Sawa-Mama, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila mwanamke mwenye nyumba. Alikuja na ngazi yake begani, akaukwaruza ukuta kwa kisu, akanusa, akasema huu ukuta ungekwanguliwa, ukaoshwa chumvi kwa maji baridi, ukaachwa ukauke kabisa, ndipo upakwe rangi ya nje.

"Ukauke lini, na mvua hiyo inakuja?" Mama Tahadhari akamwonyesha wingu. "Hapana. Tuufunge. Leta turubai, ufunike ukuta wote kuanzia chini ya paa mpaka kwenye msingi. Madirisha yapigilie mbao."

"Sawa mama."

"Na ule mlango wa mbele nao."

"Sawa mama." Akapanda, akapigilia, akashuka. Kisha akainua kidole kwenye matundu ya hewa yaliyokuwa juu ya kila dirisha, yale yenye vitofali vilivyotobolewa. "Na haya?"

"Hayo ndiyo upepo unapoingilia. Ziba."

Fundi alikuna kichwa. "Mama, haya kwa kawaida huwa yanaachwa."

"Wewe paa lako likiondoka utanilipa mimi?"

"Sawa mama," akasema fundi, akachanganya saruji. Tangu utotoni Mama Tahadhari alifundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliomfundisha hawakumwambia kwamba kuna nyufa nyingine zimewekwa na mjenzi mwenyewe, na kazi yake ni kubaki wazi.

Sawa-Mama aliondoka mvua ikianza kudondoka, ngazi akaiacha imeegemea ubavuni mwa nyumba, akisema ataifuata hali ya hewa ikitulia. Mama akabaki na lango la uani, lile la bati, upande wa uchochoroni. Lilikuwa likipigapiga. Alipotaka kulifunga kwa komeo la ndani, komeo lilimegukia mkononi kama biskuti; kutu ilikuwa imelila kimyakimya. Basi akafanya kama watu wa mitaa ile wafanyavyo wanapotoka: akazungusha mnyororo, akapenyeza mkono kwenye tundu la lango, akatundika kufuli kwa nje. Likabana. Lango likanyamaza. Hakufikiria zaidi ya hapo, maana kitu kilichokuwa kikimsumbua ni kelele, na kelele imekwisha.

Upepo ukaja na mvua yake. Umeme ulikatika siku hiyo hiyo, na simu nayo ikafuata, kwa kuwa hakuwa ameichaji. Ndani kukawa giza la mchana, giza la jikoni lenye harufu ya mafuta ya taa. Turubai lilijaa upepo likapiga ukuta, likajaa tena likapiga tena, kama mtu anayepiga mlango bila kusema yeye ni nani. Ukikaa na sauti ya namna hiyo, mwisho unaacha kuisikia, na ukiacha kuisikia husikii na nyingine yoyote.

Alijipa kazi. Alifua nepi na vijishuka vya mjukuu alivyovinunua mwenyewe, akavianika kwenye kamba aliyoifunga chumbani humo humo, toka ukuta hadi ukuta. Akapika maharage, yakachemka asubuhi nzima. Akazungumza na vijishuka. "Wewe utamfunika siku ya kwanza," alikiambia kimoja chenye mistari, "mwenzako asubiri." Halafu akajicheka, na kicheko chake kikamshtua, maana kilikuwa sauti ya kwanza ya mtu ndani ya nyumba tangu mvua ianze.

Vijishuka havikukauka. Alivigusa, akavigeuza, akavigusa tena. Kisha akaona ukuta unang'aa. Akapitisha kiganja: maji. Akachukua kitambaa akapangusa, akamaliza, akarudi alipoanzia, akakuta umelowa upya. Aliinua uso kutafuta tone linalovuja, akapanda kiti, akapapasa dari. Dari ilikuwa kavu. Paa lilikuwa limeshika kama ulimi na kinywa. Maji hayakuwa yakitoka nje hata kidogo. Nyumba ilikuwa inatoka jasho, kama mtu aliyefunikwa blanketi zito akiwa na homa, na mwenye kuifunika alikuwa yeye.

Alikuwa juu ya kiti hicho, kitambaa mkononi, aliposikia kikohozi. Kidogo, chembamba, cha mtoto. Alisimama akatega sikio. Turubai likajaa, likapiga ukuta. "Wewe turubai wewe," akasema, akaendelea kupangusa.

Upepo ulipokata, alitoka uani. Alipenyeza mkono kwenye tundu, akafungua kufuli, akasukuma lango, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Redio, aliyekuwa barazani akifuta maji kwenye cherehani. Redio alishika kifua.

"Jirani. Umerudi na basi gani?"

"Kurudi kutoka wapi? Nilikuwa ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani kwangu, unataka ndani kwa nani?"

Redio aliketi. Akafunguafungua kibweta cha sindano, akakifunga. "Mwanao alikuja," akasema mwisho. "Na mtoto mgongoni, na mvua ile. Kagonga lango. Kagonga kwa jiwe. Mimi nikatoka nikamwonyesha kufuli, nikamwambia, mwanangu, mama yako amesafiri, huoni nyumba ilivyofungwa kama mzigo wa posta? Simu yako haikupatikana. Nikamwambia aingie kwangu, lakini kwangu maji yalikuwa yameingia, akasema mtoto anakohoa, anaogopa kumlaza kwenye unyevu. Basi la usiku la kurudi lilikuwa halijaondoka bado."

Mama Tahadhari alilitazama lile kufuli.

"Mimi nilijua huko uliko ni salama," Redio akaendelea, na sauti ilikuwa ndogo. "Nilisema afadhali yeye amewahi kuondoka. Subiri, ameacha kitu chako."

Akaingia ndani akatoka na galoni ya rangi ya nje, nzito, bado ina vumbi la dukani. "Kasema alitaka kuja mapema mpake pamoja kabla mvua haijakolea. Yeye apande, wewe umshikie ngazi."

Mama aliipokea galoni kwa mikono miwili, akaibeba nyumbani kama anavyobebwa mtoto.

Umeme uliporudi, simu ikapata uhai. Binti alipokea kwenye mlio wa kwanza.

"Mama, uko wapi?"

"Nyumbani."

"Umefika lini?"

"Sikutoka, mwanangu. Komeo lilikatika nikafunga kwa nje."

Nyuma ya binti alisikika mtoto akivuta pumzi kwa filimbi. "Niligonga, mama. Niliita. Nikafikiri labda umeenda kwa mtu."

"Kwa nani?" akauliza mama, bila hasira, kama anayetaka kuambiwa kweli. "Nimwendee nani?"

Binti alimbembeleza mtoto mpaka filimbi ikatulia.

"Na ukuta?" binti akauliza baadaye. "Niambie ukweli. Likizo bado ninayo kidogo. Ukisema umekauka, kesho nafunga mzigo."

Mama Tahadhari alikuwa amesimama chumbani kwa mjukuu. Madoa meusi, madogomadogo kama mbegu za mchicha, yalikuwa yametambaa toka kona ya dari mpaka usawa wa kitanda. Kijishuka chenye mistari kilinuka uvundo. Neno moja tu lingetosha. Ndimu angeweza kusugulia, mbao za dirisha angeweza kung'oa, na kabla basi halijafika pangekuwa na harufu ya sabuni. Alilishika neno hilo ulimini. Kisha akasikia tena ile filimbi ya kifua.

"Umelowa," akasema. "Umelowa kuliko zamani. Usimlete."

"Basi ukauke kwanza, mama."

"Ukauke kwanza."

Sawa-Mama alikuja kuchukua ngazi yake, akakuta anangojwa. Waling'oa mbao, wakavua turubai, na nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi na laini kama andazi lililoanguka majini. Misumari ya chuma aliyoipigilia ilikuwa tayari imechora mistari ya kutu. Akatoboa matundu ya hewa, kila moja. Akakwangua plasta mbovu, wakaosha chumvi kwa ndoo na brashi.

"Ulijua," mama alimwambia. "Kwa nini hukukataa?"

"Mama, mimi nikikataa naitwa mjeuri. Nikikubali naitwa Sawa-Mama." Akatia chokaa kingoni mwa tundu la mwisho, akalilainisha kwa kidole. "Angalau jina langu la pili linalipa."

Sasa nyumba iko wazi. Upepo unaingia juu ya madirisha na kutokea uani, na vijishuka, vimefuliwa upya, vinacheza kwenye kamba ya nje. Kila asubuhi Mama Tahadhari huweka kiganja ukutani kama anayepima homa. Baridi. Kesho yake, baridi. Ukuta ulionyweshwa chumvi hauna haraka, lakini likizo ya binti inayo, na juzi aliposema "labda msimu ujao" wote wawili waliipita sentensi hiyo mbio kama watu wanaopita mbwa. Galoni imekaa kwenye kona, haijafunguliwa. Rangi haipakwi juu ya maji, hilo sasa analijua.

Redio hupita kila jioni na kugonga lango, hata akiwa hana cha kusema, na mara nyingi anacho. Alileta habari kwamba paa la mjane lilikuwa paa la banda la kuku, na mjane mwenyewe alikuwa amelala kwa dada yake, hakunyeshewa hata tone. Lakini mtaani sasa inatembea habari nyingine, ya mama aliyejifungia akasahauliwa, na kila anayeipokea anaiongezea chumvi. Chumvi pale tayari ipo ya kutosha. Kwa hiyo ukiisikia, acha yote, shika haya ya kuepuka:

Usifunike ukuta wenye unyevu kwa turubai wala nailoni. Maji yaliyomo hayatoki.

Usizibe matundu ya hewa, hata upepo ukitisha vipi.

Usipake rangi juu ya chumvi wala juu ya plasta inayotoa unga.

Usitumie misumari ya chuma kitupu karibu na bahari.

Usianike nguo ndani ya chumba kilichofungwa, wala usichemshe chungu kutwa humo.

Usingoje komeo likatike ndipo ulitie mafuta.

Usiache simu bila chaji wingu likiwa limeonekana.

Usimwambie mgeni kwamba mwenyeji hayupo kwa kuwa umeona kufuli. Zunguka nyumba, ita.

Usitundike kufuli nje ukiwa ndani.

Usikae na upepo bila mtu hata mmoja kujua kwamba upo.