Kulala ni Kulala

Katika ofisi ya sheria ya halmashauri ya jiji, mwanasheria mkuu aliitwa Fupisha, ingawa hakuna aliyethubutu kumwita hivyo akiwa anasikia. Barua ikiwa ndefu, fupisha. Salamu ikiwa ndefu, fupisha. Hata karani wake alipofiwa na mama mkwe, Fupisha alimwandikia rambirambi ya mstari mmoja, na mstari wenyewe haukufika mwisho wa karatasi.

Basi ilipokuja sheria ndogo ya kuwaondoa watu wanaolala mahali pa umma, Fupisha alitaka yote itoshe ukurasa mmoja, ibandikwe kwenye kuta na nguzo za taa. Karani akaichapa, akapunguza herufi, akabana pambizo, lakini mistari miwili ikang'ang'ania kubaki ukurasa wa pili. Ilikuwa mistari ya tafsiri: "Kulala maana yake ni kujinyoosha mwili juu ya benchi, baraza au ardhi." Akaenda kuuliza afanyeje.

"Nani asiyejua kulala?" Fupisha akasema bila kuinua macho. "Kata."

Akakata. Ukurasa ukakaa vizuri, naye akajisifu kimoyomoyo. Tusimlaumu, ndiyo kazi ya karani, ukurasa ukae vizuri.

Karani huyu alikuwa na mjomba, ndugu wa mama yake tumbo moja, aliyemlea na kumsomesha mama alipofariki. Mjomba alikuwa fundi wa kuezeka mpaka alipoanguka kutoka juu ya paa akavunjika nyonga. Nyonga iliunga vibaya, kazi ikaisha, na chumba kikafuata kazi. Akaja kukaa kwa karani wiki tatu. Nako kulikuwa chumba kimoja tu: yeye, mumewe, mabinti wawili na pazia katikati. Mwenye nyumba, mama mmoja asiyehitaji kipaza sauti, akahesabu vichwa. Mkataba unasema watu wanne, akizidi mmoja mtoke wote. Asubuhi moja mjomba akakunja shuka lake, akasema, "Nimepata mahali." Mahali penyewe palikuwa baraza la posta. Karani alipajua, na tangu siku hiyo chakula hakikumshuka sawasawa.

Sheria ilipobandikwa, alimkuta mjomba kwenye benchi la pale posta, amejilaza ubavu, anatazama viatu vya wapita njia.

"Shikamoo, mjomba. Hebu inuka uketi."

"Marahaba, mwanangu. Kwani nimelala? Si unaona niko macho?"

"Mjomba, nisikilize. Wanakataza kujinyoosha. Nimeichapa mwenyewe kwa mikono hii. Ukiketi hawakugusi. Hata usingizi ukikushika, wewe keti hivyo hivyo."

"Na nyonga je?"

"Jikaze tu, mjomba wangu."

Mjomba akacheka. "Nimeezeka nusu ya mji huu, nikasahau nyumba moja tu." Lakini akaketi, maana alimwamini huyu mtoto aliyesoma.

Aliketi siku tano, usiku na mchana. Karani alimletea mto wa nyumbani wa kuegemeza nyonga, na kila asubuhi alimkuta wima, mguu mmoja ameutoa mbele, uso umezidi kusinyaa. Siku ya sita, saa nne asubuhi, jua likiwa zuri, usingizi ukamzidi nguvu akiwa ameketi vile vile. Gari la askari wa jiji likasimama.

"Mzee, umelala."

"Nimeketi, wanangu."

"Umeketi, ndiyo. Na ulikuwa unakoroma."

Mng'arisha viatu wa pale posta ndiye aliyemsimulia karani, akiigiza mpaka ule mkoromo, hadi alipouona uso wake akanyamaza. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba jirani wa mjomba, aliyekuwa amejinyoosha huku macho yako wazi, naye alibebwa. Jirani kwa mgongo ulio chini, mjomba kwa macho yaliyofumba. Neno moja liliwatosha wote wawili, na karani akajua nani aliyeliacha wazi hivyo.

Waliokamatwa, wakishapita kwa hakimu, walipelekwa kambi ya wasio na makazi, mbali, huko ambako magari yalikwenda yamejaa na kurudi matupu. Njia ya kuponea ilikuwa moja: ndugu ajitokeze, awe na nafasi ya kumweka, na barua ya mwenye nyumba mkononi. Jioni ile karani na mumewe walikwenda kubembeleza. Walisimama mlangoni mpaka miguu ikawauma. "Watu wanne," mwenye nyumba akasema, akafunga mlango.

Kesho yake hakimu wa jiji alitaka aletewe nakala ya sheria yenye sahihi. Fupisha akamtuma karani. Karani wa mahakama alikuwa mgonjwa, kwa hiyo wakamkalisha yeye mezani ajaze na fomu. Hivyo ndivyo alivyojikuta hatua nne kutoka kwa mjomba wake, aliyesimama ameshika ukuta.

"Mzee anasema alikuwa ameketi," hakimu akasema. "Sheria inafafanuaje kulala?"

"Haifafanui, mheshimiwa." Karani akaweka kalamu chini. "Tafsiri ilikuwepo. Ilikatwa."

"Kwa nini?"

"Ukurasa haukutosha."

Watu wakacheka. Hakimu naye alitabasamu kidogo, na hakuwa mtu mbaya. "Mimi nasoma kilichoandikwa," akasema. "Kulala ni kulala. Mzee, una ndugu yeyote katika mji huu?"

Karani akasimama. Hakuwa na barua wala nafasi. Alichokuwa nacho ni miguu ya kusimamia tu.

"Mheshimiwa, mimi..."

"Sina ndugu," mjomba akadakia, kwa sauti ya kumwita mwenzake aliye juu ya paa. "Huyu binti namjua kwa salamu tu. Ana adabu."

Hakimu akamgeukia karani. "Ulikuwa unasemaje?"

Akawaza mabinti wake na virago nje. Akamtazama mjomba, na mjomba akatikisa kichwa kidogo sana, kama alivyokuwa akimkataza utotoni asisogelee ngazi. Laiti angekasirika, angemtukana, lingekuwa jepesi zaidi.

"Hakuna kitu, mheshimiwa."

"Basi andika."

Akaketi. Kwenye mstari wa jina la ndugu akaandika: Hana. Akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri ambao mjomba mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kwa chaki, juu ya kipande cha bati.